Kipindi cha Kwanza cha Televisheni: Mwongozo wa Kutayarisha na Kuongoza, Kutoka Wazo Hadi Hewani

Mombasa haina uhaba wa watu wanaojua kushika kamera. Kila wikendi kuna harusi, na vijana wa kurekodi harusi wanajua lenzi, wanajua taa, wanaweza kusimama saa nyingi mfululizo kwenye joto la ukumbi bila kulalamika. Wanachokosa wanapotaka kuingia televisheni ni kitu kingine kabisa. Harusi hujiongoza yenyewe: bwana harusi atafika, nikaha itasomwa, wewe fuata tu. Kipindi hakijiongozi. Lazima mtu aamue kinahusu nini, kinaanzia wapi, nani aingie, nini kiachwe nje na kiishe dakika ya ngapi. Kuamua huko ndiyo kazi yenyewe, na ni kazi inayofundishika.

Nitatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho: kipindi cha dakika 8 kuhusu mama anayepika mahamri na mbaazi za nazi huko Kibokoni, Mji wa Kale. Mada hii inamfaa anayeanza kwa sababu kazi ya mama huyo ina mwanzo na mwisho, ina mikono, moto, sauti ya mafuta, wateja, na saa inayokimbia. Ukiweza kutengeneza vizuri dakika 8 za namna hii, nusu saa haitakutisha.

Mtayarishaji na mwongozaji

Mtayarishaji ndiye mwenye kipindi. Hutafuta wazo, fedha, watu, ruhusa na kituo cha kukirusha, na kikichelewa au kikivunja sheria yeye ndiye anayeulizwa. Mwongozaji ndiye anayeamua mtazamaji aone nini na asikie nini, sekunde kwa sekunde. Yeye huwaelekeza wapiga picha, mtu wa sauti, mtangazaji na wahusika.

Katika timu ndogo mara nyingi mtu mmoja hufanya yote mawili. Ushauri wangu: mkiwa wawili tu, gawaneni. Mwongozaji anayefikiria nauli ya tuktuk na chakula cha mchana haoni kinachotendeka mbele yake, na mtayarishaji aliyezama kwenye kioo cha kamera hasikii kwamba mwenye nyumba ameanza kuchoka na wageni.

Andika sentensi moja

"Kipindi kuhusu mahamri" ni mada, bado si kipindi. Andika sentensi yenye mtu, anachotaka na kinachomzuia. Kwa mfano: *Mama mmoja anaamka saa tisa usiku, na ana saa nne tu za kuulisha mtaa mzima kabla watoto hawajaenda shule.* Hapo mtazamaji ana swali la kufuata: atawahi? Kila uamuzi utakaofuata, wa picha, wa maswali, wa kukata, upime kwa sentensi hiyo. Historia ya mahamri katika pwani yote ni jambo zuri, lakini kama haimsaidii mama huyu kuwahi saa moja, iache ipate kipindi chake.

Kisha nenda umtembelee bila kamera. Hapa ndipo wengi hufanya haraka, nami naona hakuna hatua yenye thamani kuliko hii. Piga hodi, salimu, kaa, nunua mahamri, kunywa chai. Mwambie wazi unachotaka kufanya na kitaonyeshwa wapi. Mwulize unga unakandwa saa ngapi, hamira huchukua muda gani kuumua, wateja wa kwanza ni nani. Huenda akakwambia ni wale wanaotoka kuswali alfajiri. Basi tayari umepata tukio lako la katikati bila kulibuni.

Ukiwa hapo, tumia macho ya kazi. Mwanga unaingia kutoka upande gani? Soketi iko wapi, na umeme hukatika mara nyingi? Nani mwingine analala nyumba hiyo, na yuko radhi? Kuna mteja asiyependa kuonekana? Piga picha chache za simu kwa idhini yake, chora ramani ya jiko kwenye karatasi. Na uliza mapema jambo hili: kama mama angependa timu iwe na mwanamke. Mombasa hili lina uzito. Wanawake wanaojua kamera na sauti hufunguliwa milango ambayo mwanamume hatafunguliwa kamwe, na mtayarishaji mwenye busara huwaajiri tangu mwanzo.

Ruhusa

Nchini Kenya, Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka leseni kwa anayepiga filamu ya kuonyeshwa hadharani. Anza na Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB, na uulize utaratibu na ada za wakati huo kabla ya kupanga tarehe. Ukitaka barabara au soko, zungumza na serikali ya kaunti. Ukitaka Fort Jesus, mwenye mamlaka ni Makavazi ya Taifa. Droni ina sheria zake chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Usiirushe kwa kudhani hakuna atakayeona. Bandari ya Kilindini, feri ya Likoni, uwanja wa ndege na kambi za jeshi ni maeneo ya usalama, na kamera haielekezwi huko bila ruhusa ya maandishi mkononi.

Kila anayeonekana na kutambulika akizungumza asaini fomu ya idhini iliyoandikwa kwa Kiswahili anachokielewa. Mtoto husainiwa na mzazi au mlezi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu pia sura na sauti za watu, kwa hiyo fomu hizo zihifadhiwe vizuri, zisiachwe chini ya kiti cha gari.

Mbali na karatasi, mjulishe mzee wa mtaa na majirani. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba. Tripodi moja inaweza kuziba njia ya mtu anayekwenda msikitini.

Skripti na orodha ya shoti

Kunja karatasi katikati. Kushoto andika picha, kulia andika sauti. Kwa kipindi chetu, mstari wa kwanza waweza kuwa hivi: kushoto, *giza, kiberiti kinawashwa, uso wa mama unatokea*, kulia, *mlio wa kiberiti, kisha sauti ya mama: "Saa tisa nikipitiwa na usingizi, mtaa mzima utanijua."* Maneno ya mama utayapata siku ya kurekodi, lakini kuandika unachotarajia kunakuonyesha unahitaji kuuliza nini. Siku yenyewe akisema jambo zuri zaidi, chukua la kwake.

Kutokana na skripti, toa orodha ya shoti, yaani vipande vya picha utakavyorekodi. Kwa kila tendo muhimu andaa angalau hizi:

- shoti pana inayoonyesha jiko zima na mama alipo;
- shoti ya kati, kiunoni kwenda juu, akifanya kazi;
- shoti ya karibu ya uso wake;
- shoti ya karibu sana ya mikono: kukanda, kusukuma, kukata pembe, kugeuza kwenye karai;
- shoti kutoka begani kwake, tuone anachokiona yeye.

Kwa shoti hizi tano mhariri anaweza kufupisha saa nzima ya kukanda na kuumua iwe sekunde 20, na mtazamaji asihisi ameruka kitu. Bila hizo utakuwa na dakika 40 za mtu anayekanda unga, na hakuna mahali pa kukata.

Bajeti iandikwe hata kama kila mtu anajitolea. Usafiri wa usiku, chakula, kukodi maikrofoni, diski ya kuhifadhi, ada za leseni, na asilimia 10 ya dharura. Weka pia gharama ya unga, mafuta na nazi, kwa sababu utamwomba mama arudie mambo, na kurudia huko kusiwe hasara yake.

Vifaa, kwa ufupi

Kamera yoyote ya kisasa, hata simu nzuri, inatosha kujifunzia. Rekodi kwa vipimo vya 1920 kwa 1080, fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde. Namba 25 ina sababu: umeme wa Kenya ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei nafuu hupepesa mara 100 kila sekunde. Ukiweka fremu 25 na shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde, mpepeso huo hauonekani. Ukiacha kamera kwenye mpangilio wa fremu 30 uliotengenezewa nchi kama Marekani, yenye umeme wa hezi 60, huenda ukaona mistari ikitembea ukutani, na hakuna mhariri atakayekushukuru.

Chukua tripodi, betri za akiba na kadi za akiba. Ukirekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde, saa moja hula kama gigabaiti 22 na nusu. Piga hesabu kabla ya kutoka nyumbani. Na kwa unyevu wa pwani, usitoe kamera kwenye chumba chenye AC ukaanza kazi papo hapo. Lenzi itafunikwa na ukungu. Iache ndani ya begi lake nje ya chumba hadi ipate joto la mahali.

Sauti ndiyo inayoangusha wengi

Mtazamaji atavumilia picha yenye giza kidogo. Asiposikia maneno, anabadilisha chaneli. Kwa hiyo, kama una fedha za kukodi kitu kimoja tu, kodi maikrofoni nzuri na umlete mtu asiye na kazi nyingine ila kusikiliza kwa hedifoni.

Maikrofoni ndogo ya kubana nguoni huwekwa kifuani, kama shibiri moja kutoka mdomoni. Kwa mama aliyevaa buibui au mtandio, kitambaa kitasugua na kukwaruza. Ibane pembezoni mwa mtandio, waya ukiwa umekunjwa kitanzi ili usivutike, na afanye hivyo mwenyewe au asaidiwe na mwanamke wa timu. Kisha mwombe ajigeuze, ainame, anyooshe mkono kama anayetia hamri kwenye karai, huku unasikiliza.

Weka kiwango cha sauti ya kurekodi ili maneno ya kawaida yafike karibu na desibeli 12 chini ya kikomo. Akicheka ghafla bado utakuwa na nafasi. Sauti iliyopita kikomo na kupasuka hairudishwi kikamilifu na programu yoyote.

Nyumba zetu zina kelele tulizokwisha kuzizoea. Zima pangaboi. Zima friji, na uweke funguo zako za nyumbani ndani yake. Hutaondoka bila kukumbuka kuiwasha tena. Nje, miezi ya kusi na ya kaskazi upepo hauachi maikrofoni salama, kwa hiyo ivalishe manyoya ya kuzuia upepo. Pikipiki ikipita katikati ya jibu muhimu, subiri ipite, kisha omba sentensi irudiwe.

Adhana ikiadhiniwa, simamisha mahojiano. Ni heshima, na pia ni kazi: jibu lenye adhana nyuma yake halikatiki, kwa sababu ukikata maneno unakata na adhana, na kila mtazamaji wa hapa atasikia imerukwa. Ukiitaka iwe ndani ya kipindi kuonyesha alfajiri imefika, irekodi peke yake, iachie nafasi, wala usiiwekee muziki chini yake.

Kabla ya kufunga vifaa, waombe wote wanyamaze, urekodi dakika nzima ya ukimya wa mahali hapo. Ukimya wa jiko la Kibokoni si sawa na ukimya wa sebule ya Nyali, na huo ndio utakaotumika kuziba mapengo wakati wa kuhariri. Rekodi pia mafuta yakichemka kwa karibu, kibao na kifimbo cha kusukumia, sarafu zikihesabiwa.

Mwanga

Jua la Mombasa huchomoza karibu na saa kumi na mbili asubuhi na kupanda haraka. Kufikia saa tano limesimama juu ya vichwa, na macho ya watu yanakuwa mashimo meusi. Picha za nje piga kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Mchana ukikulazimisha, mweke mhusika kwenye kivuli cha baraza huku uso wake ukielekea nje kwenye mwanga.

Ndani, taa moja iliyolainishwa kwa kitambaa cheupe, ikitoka pembeni mwa uso, inashinda taa tatu zilizowekwa ovyo. Kitambaa kiwe mbali na balbu yenye joto. Kwa kipindi chetu, moto na balbu ya jikoni viongoze. Ongeza kidogo tu ili uso uonekane. Ukiangaza jiko lote umeua usiku, na usiku ndio hadithi.

Siku ya kurekodi

Jioni iliyotangulia kila mtu apate karatasi ya siku: mahali, saa ya kufika, ratiba, namba za simu, nani analeta nini. Fikeni kabla ya mama kuanza kazi.

Kuna kanuni moja ya kuongoza ambayo haina budi kuingia damuni. Fikiria mstari kati ya mama na mteja wanaotazamana. Chagua upande mmoja wa mstari huo na ubaki hapo kwa mazungumzo yote. Ukiruka upande wa pili, kwenye skrini mama aliyekuwa akitazama kulia atatazama kushoto, na mtazamaji atadhani wote wawili wanamtazama mtu wa tatu. Ukihitaji kuvuka, vuka ndani ya shoti, kamera ikitembea, au weka katikati shoti ya karibu ya mikono.

Kila shoti ishikilie sekunde 10 bila kutikisika, hata unapoona imetosha. Mwache mtu aingie kwenye fremu na atoke. Unapobadilisha shoti ya mtu yuleyule, sogea kweli: badilisha ukubwa na pembe kwa angalau nyuzi 30, la sivyo mkato utaonekana kama picha imeruka.

Angalia mwendelezo. Mtandio ulikuwa umefungwaje? Sinia lilikuwa na mahamri mangapi? Mtu mmoja apige picha za simu kila mnaposimama.

Kwa mahojiano, kaa karibu na lenzi ili macho ya mama yawe karibu na kamera. Mwombe aliweke swali ndani ya jibu, kwa sababu sauti yako itaondolewa. Ukiuliza "Ulianza lini?" naye akajibu "Zamani," huna kitu. Sema, "Mama, tusimulie siku ya kwanza ulipokaanga mahamri ya kuuza." Kisha nyamaza. Anapomaliza kujibu, hesabu kimoyomoyo hadi tatu kabla ya swali linalofuata. Maneno mazito mara nyingi hutoka ndani ya hizo sekunde tatu. Na anapozungumza Kimvita chake, usimsahihishe. Kama watazamaji wa bara watahitaji msaada, weka manukuu, yaani maandishi chini ya picha.

Ukiingia studio

Kipindi cha studio chenye kamera tatu huhaririwa papo hapo. Mwongozaji hukaa chumba cha udhibiti, akiona kamera zote, na kuzungumza na timu kwa intakomu, yaani mawasiliano ya masikioni. Maneno ni machache na huja mapema: "Mbili tayari... mbili!" Neno la kwanza humwandaa mpiga picha, la pili humwambia anayebadilisha picha akate. Usiite kamera ambayo hukuiandaa. Sakafuni kuna msimamizi anayempa mtangazaji ishara za mkono za dakika na sekunde zilizobaki.

Muda huhesabiwa kutoka mwisho. Tuseme kipindi ni dakika 28 kamili. Majina ya watayarishaji yanachukua sekunde 30, kuaga sekunde 45, sehemu ya mwisho dakika 6. Basi sehemu ya mwisho lazima ianze dakika ya 20 na sekunde 45. Mgeni akiwa bado anazungumza dakika ya 20, mwongozaji anajua amebakiwa na sekunde 45 za kumwokoa mtangazaji wake. Fanyeni mazoezi ya hesabu hii mezani, kwa saa na kalamu, kabla hamjaingia studio.

Kuhariri

Usifute kadi yoyote kabla picha hazijakaa kwenye diski mbili, na diski moja ilale nyumba nyingine.

Sikiliza mahojiano yote na uyaandike. Pigia mstari yanayojibu ile sentensi ya mwanzo. Panga maneno hayo kwanza, bila picha za ziada, hadi hadithi isikike kwa masikio tu. Kisha funika kwa picha za kazi. Sauti ya tukio linalofuata ianze kidogo kabla ya picha yake: tusikie mafuta tukiwa bado tunatazama unga ukiumuka. Kipindi kitatiririka.

Kitazame mara moja bila sauti, mara moja bila picha. Kisha mwite mtu asiyejua lolote kuhusu kazi hii, na umtazame yeye badala ya skrini. Anaposhika simu, andika dakika hiyo. Hapo ndipo pa kukata, hata kama ndipo penye shoti uliyoipenda kuliko zote.

Muziki una haki za aina mbili: za mtunzi na za mwenye rekodi. Kununua wimbo wa taarabu hakukupi hata moja kati ya hizo. Tafuta ruhusa ya maandishi, au mlipe mpiga udi akupigie utunzi wake mwenyewe kwa mkataba.

Kukabidhi

Kabla ya kwenda kituoni, mwonyeshe mama kipindi. Si kwa ajili ya kumwachia uhariri, ila kuhakikisha majina, mahali na maelezo ya kazi yake ni sahihi. Yeye ndiye atakayeishi Kibokoni baada ya kurushwa.

Kiulize kituo masharti yao kwa maandishi: aina ya faili, urefu hadi sekunde, kiwango cha sauti. Wanaofuata kiwango cha EBU R 128, cha Umoja wa Watangazaji wa Ulaya, watataka sauti ya wastani ya LUFS -23 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Nafasi ya nusu saa yenye matangazo kwa kawaida hubakiza dakika 22 hadi 24 za kipindi. Maandishi yote yakae ndani ya asilimia 90 ya skrini, yasikatwe na televisheni kuukuu. Kumbuka pia kwamba kanuni za vipindi za Mamlaka ya Mawasiliano zinataka kinachorushwa kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku kiifae familia nzima.

Vituo hutafuta mfululizo zaidi kuliko kipindi kimoja. Pamoja na dakika zako 8, peleka ukurasa mmoja wenye sentensi za vipindi vingine vitano vya mtindo huohuo: fundi wa milango ya kuchonga, nahodha, mshona kofia, yeyote uliyekwisha kumtembelea na akakubali. Ambatisha nakala za idhini, leseni na haki za muziki. Weka jina na namba ya mtu mmoja wa timu ambaye simu yake haizimwi, maana kituo kikikosa karatasi moja saa mbili kabla ya kurusha, yeye ndiye atakayepigiwa.